Gogogo Kwenye Kabati la Maji

Ukifika kwa Mussa Jabiri pale Manyamanyama, Bunda, ukishakaribishwa kiti tu, macho yako yanagongana na kabati la maji. Kioo kirefu kumzidi mtu aliyelala, taa ya buluu juu yake, mapovu yanapanda upande mmoja kwa mota ndogo inayonguruma chinichini. Chini kuna changarawe safi na kigae cha chungu kilichoinamishwa kwenye pembe. Samaki je? Utatafuta mpaka shingo ikuume. Humwoni.

Basi watu wa Bunda, ambao kwa maneno hawajambo, wakapata pa kusemea. "Mussa, samaki wako wamesafiri?" "Mussa, hayo maji unayafuga?" Kuna fundi rangi mmoja aliyefika mchana wa jua kali akaomba achotewe glasi, alidhani ni mtambo wa kusafishia maji ya kunywa. Mussa alicheka nao kile kicheko cha meno tu, wakiondoka anabaki kalitazama kabati lake kama mtu aliyenunua redio isiyoshika stesheni.

Nyumba ile nzima, mtu mmoja tu hakuona cha kuchekesha, naye ni mama yake, Bi Mwanaharusi. Yeye alijua samaki yumo. Yumo ndani ya kigae, ndevu zake tu zinachungulia nje.

"Haonekani kwa sababu ni mchana," alikuwa akiwaambia wageni. "Nyie mnaonekanaga mkiwa mmelala?"

Samaki mwenyewe ni gogogo. Ndiyo, gogogo, huyohuyo unayemjua wewe wa kando ya ziwa, na usianze kucheka. Kwa asiyemjua niseme: ni samaki wa rangi ya tope, mdomo umeangalia chini, ndevu kama za mzee asiyejali. Ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili mbavuni, na akishikwa anaisimamisha yote ikajifunga kama komeo. Na ukimtoa majini analia. Analia hasa, kwa sauti ya kukwaruza, go-go-go, go-go-go, na jina lake lilitoka humo humo kinywani mwake. Wavuvi wanamlaani kwa sababu anachana nyavu. Hotelini hawamtaki kwa sababu hana umbo la kuwekwa mbele ya mgeni. Tangu dunia iumbwe sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumtafutia gogogo nyumba ya kioo yenye taa, mpaka alipotokea huyu bibi.

Sasa kwa nini gogogo? Hapo ndipo penyewe.

Mwanaharusi alizaliwa Mukendo, Musoma mjini, binti wa fundi cherehani ambaye ukimuuliza kabila lake ilibidi ukae chini, maana babu alikuwa Mmanyema, bibi Mjita, na kati yao kulikuwa na Wanyamwezi wa kutosha. Watu wakamwita Mswahili, yakaisha. Binti alikua kati ya vitambaa na kelele za cherehani, akajua kuuza kanga kabla hajajua kupika. Akaolewa Makoko, kando ya ziwa, na Jabiri, kijana mvuvi mwenye mabega mapana na maneno machache. Machache kweli. Shoga zake walimtania kwamba siku ya posa bwana harusi alisema "salaam aleikum" na "inshallah" basi, mengine yote alisemewa.

Jabiri alitega nyavu zake jioni na kuzivuta alfajiri. Sato walikwenda kwa wachuuzi, sangara walikwenda kwa wenye magari ya barafu. Gogogo walikuwa wanabaki. Wavuvi wengine, gogogo akinasa na miiba yake imejifunga kwenye uzi, walimponda kichwa kwa kijiti na kumtupa. Jabiri hakuwa na moyo huo. Alikaa palepale mwaloni, mitumbwi inapopakuliwa samaki, akimnasua mmoja mmoja, mwiba kwa mwiba, viganja vikichomwa na kuvimba, na wote akawatia kwenye karai la bati akaja nao nyumbani. Ndiyo ilikuwa mboga ya nyumba ile, na Mwanaharusi alijifunza kuwapika kwa nyanya na bizari mpaka majirani wakawa wanapitapita mlangoni kwa visingizio.

Lakini si ladha yao aliyoikumbuka. Ni sauti. Kila alfajiri alikuwa nyuma ya nyumba kwenye jiko la mafiga, bado giza-giza, na kabla hajamwona mume wala hajasikia nyayo zake kwenye mchanga, alisikia karai likija: go-go-go, go-go-go. Bati linazidisha sauti, unajua. Akisikia hivyo anajua Jabiri amerudi mzima. Naye, bila kugeuka, anaita:

"Maji yako tayari, Baba Mussa!"

Maana alikuwa amekwishayachemsha, kwa ajili ya vile viganja. Mwiba wa gogogo dawa yake ni maji ya moto, moto wa kuvumilika, uloweke mkono mpaka sumu ilegee. Na Jabiri, mtu wa maneno machache, kutoka upande wa pili wa nyumba alijibu kila siku jibu lilelile:

"Na mimi niko tayari!"

Basi. Ndiyo mazungumzo yao ya asubuhi, miaka na miaka. Ukimweleza mtu atasema, sasa hayo nayo ni mapenzi? Haya, wewe yako unayaitaje?

Kulikuwa na asubuhi moja upepo ulichafuka, ziwa likawa jeupe. Wanawake wa Makoko walikwenda wote mwaloni wakasimama wamejifunga kanga viunoni, wanahesabu mitumbwi. Mwanaharusi hakwenda. Alibaki kwenye mafiga yake anachochea kuni, maji yakachemka, yakapungua, akaongeza mengine, yakachemka tena. Mussa, kijana wake pekee, alikuwa amelala mkekani ndani, bado mdogo wa meno ya utoto. Jua lilikuwa limekwishapanda alipolisikia karai. Alilia machozi mpaka kanga ikalowa, halafu akajipangusa, akakohoa kidogo, akaita kama siku zote kwamba maji yako tayari. Jabiri hakujua kamwe kwamba mkewe alilia siku ile. Wanaume wengine wanaishi na mtu miaka yote na kuna mambo hawaambiwi.

Jabiri hakufa ziwani. Alifia kitandani kwake, uzeeni, kwa presha, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe, na nyavu zikiwa zimegawiwa zamani. Mwanaharusi akabaki Makoko na duka lake dogo la kanga kule Mukendo, mpaka magoti yakaanza kukataa. Hapo Mussa akaja na gari.

Mussa alikuwa na duka la nondo na bati Bunda, amejenga Manyamanyama nyumba ya vigae yenye geti linalojifungua. Mtoto mzuri, nisimseme vibaya. Anasali, anamheshimu mama, hajasahau kutuma unga hata mwezi mmoja. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo jina lake ni Makongoro. Huyu Makongoro ni mwenye duka la saruji mkabala na lake, jirani mwema na mtu wa kucheka kwa sauti, na chochote Makongoro alichokuwa nacho, usingizi wa Mussa ulikatika mpaka naye akipate. Makongoro alikuwa ameweka sebuleni kabati la maji lenye samaki mrefu wa rangi ya fedha kutoka nchi za Asia, ambaye watu walisema analeta bahati. Kwa hiyo Mussa naye akaagiza kabati, refu zaidi.

"Mama, njoo tukae wote," alimwambia. "Hapa peke yako unafanya nini? Ukiumwa nani atajua?"

"Nyumbani ni nyumbani, baba."

"Najua unalipenda ziwa. Basi nimekuletea ziwa ndani. Samaki utachagua wewe. Yeyote unayemtaka, wallahi, na hakuna mkono utakaomgusa."

Akampa simu apitishe picha. Mwanaharusi akavaa miwani, akaangalia samaki wa kila rangi: wa mistari, wa mapezi kama shela la bibi harusi, wengine macho yamewatoka kama wameonewa. Raya, mke wa Mussa, alikuwa pembeni anamsaidia kusogeza picha kwa kidole. "Huyu mzuri, mama. Na huyu, Bunda nzima hayupo."

Bibi akarudisha simu.

"Nataka gogogo," akasema.

Mussa alidhani hajasikia vizuri. "Gogogo yupi?"

"Wako wangapi? Gogogo. Wa ziwani."

"Mama! Yule wa kutupwa? Watu wataniambiaje?"

"Umesema yeyote."

Na kweli alisema, tena kwa wallahi, na Raya alikuwa shahidi.

Kwenda kumtafuta nako kulikuwa kisa. Mwanaharusi alikwenda mwenyewe mwaloni kwa Nyangi, mchuuzi wa samaki aliyefahamiana naye tangu wote wawili wana kiuno. Akamwambia anataka gogogo mmoja, mzima.

"Mzima ndiyo, hajakatwa," Nyangi akasema akiinua kisu.

"Mzima wa uhai. Anayepumua."

Nyangi akaweka kisu chini. Akamsogeza pembeni, nyuma ya chanja za dagaa, akashusha sauti. "Dada, nani amekuagiza? Niambie tu. Ni mganga wa wapi?"

"Astaghfirullahi! Nyangi!"

"Sasa gogogo mzima wa uhai mtu anampelekaga wapi? Mimi sijazaliwa jana. Kama ni magoti, kuna hospitali!"

"Nakwenda kumfuga."

"Kumfuga!" Nyangi akapiga makofi, akawaita wenzake, na mwalo mzima ukajua kwamba Bi Mwanaharusi wa marehemu Jabiri anafuga gogogo. Walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini kesho yake asubuhi Nyangi mwenyewe alikuwa mlangoni na ndoo, ndani gogogo wa urefu wa kiganja, na kiganja chake Nyangi kimefungwa kitambaa. "Chukua mzigo wako," alisema. "Amenichoma, shetani huyu. Na amelia njia nzima, kila mtu ananiangalia." Halafu akamkumbatia, akaangalia pembeni, akasema haraka, "Usikae sana huko Bunda."

Bi Mwanaharusi alisafiri na ndoo katikati ya miguu yake, amefunika na kanga. Walipofika Kiabakari, kule kwenye wilaya ya Butiama, alimsimamisha Mussa aangalie kama samaki anapumua. Anapumua. Walipokaribia Bunda akamsimamisha tena. Mussa alishika usukani kwa mikono yote miwili.

Sasa nikwambie kitu ambacho Mussa hakukijua wala Raya hakukijua. Bi Mwanaharusi alifika Bunda na sanduku, na sanduku hilo hakulifungua. Alilisukuma chini ya kitanda, akawa anatoa nguo moja moja kwa kupenyeza mkono. Ufunguo wa nyumba ya Makoko aliufunga fundo kwenye ncha ya kanga, na kila alipobadilisha kanga, fundo lilihama nalo. Moyoni alishapanga: Ramadhani nitafunga hapa, wasione nimewadharau, Idi ikipita narudi nyumbani. Na akisema nyumbani alikuwa na maana ya Makoko tu. Pale alipaita "kwa Mussa", hata mbele ya Mussa mwenyewe. "Hapa kwa Mussa kuna vigae vinateleza." "Hapa kwa Mussa jogoo hawawiki."

Si kwamba alitendewa vibaya. Alipewa chumba chenye feni, Raya alimwita mama kwa ulimi laini, chakula kilikuwa tele. Lakini vitu vyote vya nyumba ile vilikuwa vipya, na hapakuwa na kimoja kilichomfahamu mume wake. Mussa mwenyewe akiongea ni bati na nondo na Makongoro. Ukimtajia Makoko anasema, "Kule maisha yalikuwa magumu, mama, tusikumbuke." Hicho ndicho kilichomuuma. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani aliyekuwemo kwenye nyumba ya Makoko asubuhi zile, na mtoto huyo ameshazifuta. Akifa yeye, itakuwa kama haikuwahi kutokea.

Alikuwa akikaa karibu na kabati baada ya alasiri, tasbihi mkononi, sikio kwa kioo. Gogogo hakusema kitu. Jioni taa zikipunguzwa alitoka kigaeni, akazungukazunguka chini akinusa changarawe kwa ndevu, wakati mwingine akaogelea tumbo juu kama mlevi, akarudi. Kimya kabisa.

"Mbona halii, mama?" Raya aliuliza siku moja. "Si ulisema analia?"

"Hulia akishikwa. Sasa nimshike ili iweje?"

"Kwa hiyo ukamchagua samaki haonekani, na hasikiki?"

Bi Mwanaharusi akacheka mwenyewe. "Baba yenu naye alikuwa hivyo hivyo. Nikijua yumo, basi inatosha."

Ilikuwa inatosha, lakini si sana. Sitakudanganya.

Ramadhani ikaingia. Katikati ya mwezi Mussa akaamua kufuturisha wenye maduka wenzake, Waislamu na wasio Waislamu, Makongoro akiwa wa kwanza. Siku hiyo nyumba ilikuwa na pilikapilika tangu asubuhi. Raya alishughulika na sambusa na viazi, na Bi Mwanaharusi akachukua uji wa pilipili manga, maana uji wake ulikuwa na sifa tangu Mukendo na hakuruhusu mtu amshikie mwiko. Jikoni palikuwa na masufuria kila mahali, kubwa moja la maji yanayochemka kwa ajili ya chai.

Alasiri, Mussa alirudi mapema kuliko kawaida. Aliingia kwa mlango wa mbele, polepole, na mkononi alikuwa na mfuko mkubwa wa plastiki uliojazwa maji na hewa. Ndani mlikuwa na samaki wa Mwanza. Si wa ziwa la Mwanza, wa duka la Mwanza: wekundu, wa dhahabu, mmoja mweupe mwenye mkia kama pazia, adimu hasa, aliambiwa mkoa mzima wa Mara hakuna aliye naye. Na muuzaji alimwonya kwamba asiwachanganye na samaki mwenye miiba. Basi Mussa akafikiri: nitamweka gogogo kwenye ndoo, usiku huu mmoja tu, wageni wakiondoka namrudisha, mama hatajua. Akachukua kiwavu cha kuvulia, akapandisha mikono ya kanzu.

Haya yote Bi Mwanaharusi aliyajua baadaye. Wakati ule alikuwa jikoni, kaupa mlango mgongo, anakoroga uji, njaa ya saumu imemfanya mwepesi kichwani, harufu ya pilipili manga na tangawizi imejaa, mvuke usoni. Raya alikuwa nje anatandika mikeka. Kwa dakika ile nyumba ilikuwa kimya.

Ndipo aliposikia.

Go-go-go. Go-go-go.

Kali, ya kukwaruza, ikigonga kwenye kitu cha bati, maana Mussa alikuwa ameandaa ndoo ya bati. Na mdomo wa Bi Mwanaharusi haukumsubiri yeye mwenyewe. Mkono ukiwa bado kwenye mwiko, bila kugeuka, kwa sauti ya mwanamke kijana iliyokuwa haijatoka kooni mwake miaka mingi, akaita:

"Maji yako tayari, Baba Mussa!"

Halafu akajisikia. Akasimama kama aliyemwagiwa maji. Loo! Aibu ilimpanda kutoka miguuni, na nyuma ya aibu ikaja huzuni kubwa kupita ile ya siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko alijua Jabiri amekufa, na sasa hivi, kwa muda wa kuvuta pumzi moja, alikuwa amerudi. Akashika ukingo wa meza. Uji ukaanza kuungua, akauacha uungue.

Kutoka sebuleni hakukuwa na sauti. Hata gogogo alinyamaza. Kisha, kutoka upande wa pili wa nyumba, ikaja sauti ya mtu mzima, nzito, iliyokuwa inakatika katikati:

"Na mimi niko tayari."

Bi Mwanaharusi alikwenda sebuleni hajui miguu imempitisha wapi. Alimkuta Mussa amepiga magoti kwenye vigae vyake vinavyoteleza, kanzu nyeupe ina madoa ya damu na maji. Gogogo alikuwa amenasa kwenye kiwavu, miiba yote mitatu imesimama, mmoja umezama kwenye kiganja cha Mussa chini ya kidole gumba. Na Mussa, mwanamume mwenye duka na geti, alikuwa analia kama mtoto wa mkekani.

"Unakumbuka," mama akasema. Hakuuliza, alisema tu.

"Nilikuwaga macho, mama. Kila siku. Nilikuwa nasubiri mpaka ajibu, ndiyo nalala tena." Akajipangusa uso kwa bega. "Na ile siku ya upepo. Nilikusikia ukilia."

Mwanamke huyu alikuwa amebeba siku ile peke yake maisha yake yote, kumbe walikuwa wawili. Alikaa chini palepale, magoti yasiyokunjika yakakunjika.

"Nisamehe," Mussa akasema. "Niliapa hakuna mkono utakaomgusa."

"Nyamaza. Usimvute, utamuumiza. Mtie majini na kiwavu chake, atalegea mwenyewe."

Wakamrudisha kabatini pamoja na wavu na mkono wa Mussa, wakisubiri, vichwa vyao vimegusana juu ya maji. Miiba ikalegea mmoja mmoja, kama alivyokuwa akiinasua Jabiri, bila haraka. Gogogo akajivuta nje, akajitikisa, akaenda moja kwa moja kigaeni. Ndevu tu zikabaki nje.

Mama akaenda jikoni, akamimina maji ya moto kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko, akarudi akatia mkono wa mwanawe humo. Mussa akakunja uso, akapiga mluzi wa maumivu, asitoe mkono. Mfuko wa samaki wa Mwanza ulikuwa juu ya kochi, umesahauliwa, yule mweupe anazunguka na pazia lake.

"Hawa?" mama akauliza.

"Watakaa dukani. Wateja waangalie."

"Na Makongoro je?"

"Makongoro atakunywa uji," Mussa akasema, "kama haujaungua."

"Umeungua," akasema mama, na wote wawili wakacheka, mpaka Raya akaja mlangoni na mkeka kwapani kuuliza kuna nini.

Mkono ulihitaji kufungwa. Bi Mwanaharusi akavuta ncha ya kanga yake, akafungua fundo ili apate kitambaa cha kutosha, akasahau kilichokuwemo. Ufunguo ukaanguka kwenye vigae, ukalia. Wakautazama wote. Nje geti lilikuwa limeanza kujifungua, na Makongoro alisikika akicheka kabla hajashuka garini.

"Ufunguo wa wapi huo, mama?"

Aliuangalia. Angeweza kusema neno lile analolisema siku zote, lilikuwa mdomoni tayari.

"Wa Makoko," akasema. "Geuza mkono, nikufunge vizuri, wageni wameshafika nyumbani."